Shule Iliyoota Katika Shamba la Mkonge

[Muziki wa kipindi. Unasikika kwa muda, kisha unashuka.]

MTANGAZAJI: 

Leo tunaanza na swali ambalo wazazi wengi kambini wamewahi kujiuliza: mtoto wa mkimbizi asome nini?

Swali hili linaonekana dogo, lakini fikiria kidogo. Wewe uliye Nyarugusu, Tanzania, kama umetoka Kongo, mtoto wako anafuata mtaala wa Kongo. Jirani yako Mrundi, mtoto wake amekuwa akifuata mtaala wa Burundi. Wewe uliye Kakuma, mtoto wako anasoma mtaala wa Kenya na kufanya mtihani wa Kenya. Na wewe uliye Uganda, wa kwako anasoma pamoja na watoto wa Uganda. Kila njia ina sababu zake, na kila njia ina hofu yake. Je, tutarudi lini? Cheti hiki kitakubalika huko? Somo hili litamfaa mwanangu, au anapoteza miaka?

Hatutajibu maswali haya kwa hotuba. Tutakusimulia habari za shule moja ya sekondari iliyojengwa na wakimbizi, katika nchi jirani hii hii ya Tanzania. Walijiuliza maswali kama yako, wakakaa, wakapanga masomo yao, wakagombana, wakaendelea. Jina la shule hiyo ni Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu. Wengi waliifahamu kwa kifupi chake, SOMAFCO. Ilikuwa Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro.

[Muziki mfupi.]

Tuanze Afrika Kusini. Mwaka 1953 serikali ya ubaguzi wa rangi ilipitisha sheria ya elimu kwa ajili ya Waafrika. Kabla ya hapo shule nyingi za Waafrika ziliendeshwa na makanisa. Sheria hiyo iliziweka chini ya serikali, na shabaha yake haikufichwa. Waziri aliyeisimamia, Hendrik Verwoerd, alieleza waziwazi kwamba Mwafrika hana nafasi katika jamii ya wazungu zaidi ya kazi za aina fulani, kwa hiyo hakuna haja ya kumfundisha mambo ambayo hatayatumia. Hata hisabati aliiona ni kupoteza wakati.

Sikiliza vizuri hapo. Mtu akitaka kukutawala, anaweza kuanzia kwenye orodha ya masomo ya mtoto wako.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye, serikali hiyo iliamuru kwamba baadhi ya masomo, yakiwemo hisabati, yafundishwe kwa Kiafrikaans, lugha ambayo wanafunzi wengi na hata walimu wao hawakuimudu. Tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana. Polisi walifyatua risasi. Watoto walikufa. Machafuko yakasambaa nchi nzima, na katika miezi iliyofuata maelfu ya vijana walivuka mipaka kwenda Botswana, Swaziland na Lesotho. Wengi walitoka na nguo walizovaa tu. Wewe unajua safari ya namna hiyo ilivyo, hatuna haja ya kukueleza.

Baadhi yao walitaka silaha ili warudi kupigana. Lakini wengine walikuwa na miaka kumi na minne, kumi na mitano. Walikimbia wakiwa darasani, na walichotaka ni kumaliza shule. Chama cha ANC, kilichopigwa marufuku Afrika Kusini tangu 1960, kilikuwa na ofisi na kambi za uhamishoni, lakini hakikuwa na shule. Vijana hawa wapelekwe wapi?

[Muziki mfupi.]

Tanzania ilijibu. Wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Morogoro alikuwa mama mmoja, Anna Abdallah. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa ANC ardhi huko Mazimbu mwaka 1977. Lilikuwa shamba la mkonge la zamani, limeachwa. Palikuwa na majengo machache yaliyochakaa na vichaka vingi. Hapakuwa na darasa, bweni wala jiko la kulisha watu wengi.

Wanafunzi wa kwanza walifika wakati shule yenyewe haijajengwa, na masomo yalianza mwaka 1978. Ukiuliza shule hiyo ilijengwa na nani, jibu ni wengi: mafundi na vibarua wa Kitanzania, wahandisi na mafundi waliokuwa wakimbizi, watu wa kujitolea kutoka nchi za mbali, na wanafunzi wenyewe. Asubuhi kijana yuko darasani, mchana anabeba matofali au anachimba mtaro wa maji.

Tarehe 6 Aprili 1979, huko Pretoria, serikali ya makaburu ilimnyonga kijana mmoja aitwaye Solomon Mahlangu. Alikuwa na miaka 22. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari kutoka Mamelodi, akakimbia baada ya 1976, akajiunga na jeshi la ANC, akarudi na kukamatwa. Watu wawili waliuawa katika tukio hilo. Si yeye aliyewapiga risasi, lakini mahakama ilisema alishirikiana na aliyepiga. Shule ya Mazimbu ikapewa jina lake. Kila mwanafunzi aliyeandika jina la shule juu ya daftari lake aliandika jina la kijana wa rika lake.

[Muziki mfupi.]

Sasa tufike kwenye kiini cha kipindi cha leo. Shule ipo, wanafunzi wapo. Watafundishwa nini?

Njia ya kwanza ilikuwa kutumia mtaala wa nyumbani. Lakini huo ndio waliokimbia. Njia ya pili ilikuwa mtaala wa Tanzania. Ulikuwa mzuri, lakini ulitengenezwa kwa ajili ya kijana wa Kitanzania atakayeishi Tanzania, tena kijana aliyekulia katika Kiswahili. Njia ya tatu ilikuwa kutunga mtaala wao wenyewe kabisa. Hapo likaja swali gumu: nani atakitambua cheti chao? Kijana akimaliza, chuo gani kitampokea akiwa na karatasi iliyotolewa na chama kisicho na nchi?

Waliamua kuchanganya. Kwa upande mmoja waliwaandaa wanafunzi kwa mtihani wa sekondari wa Chuo Kikuu cha London, kwa sababu cheti hicho kilijulikana katika nchi nyingi. Popote kijana atakapopelekwa, kingemfungulia mlango. Kwa upande mwingine waliongeza masomo yao wenyewe, ambayo hayakuwa katika mtihani wa London, lakini waliyaona ni ya lazima.

Hebu tupite katika idara, moja baada ya nyingine.

Idara ya lugha ilibeba mzigo mkubwa kuliko zote. Kiingereza kilikuwa lugha ya kufundishia na lugha ya mtihani. Lakini wanafunzi walitoka katika shule zilizowafundisha kidogo na vibaya. Walizungumza Kizulu, Kixhosa, Kisotho, Kitswana na lugha nyingine nyumbani. Mwenye Kiingereza dhaifu alishindwa kila somo, hata lile alilolipenda. Ndiyo maana iliwabidi wengine warudi nyuma kwanza, wajifunze misingi, kabla ya kuingia darasa la rika lao. Fikiria aibu ya kijana wa miaka kumi na tisa aliyeandamana mbele ya bunduki, sasa anaambiwa akae na wadogo zake ajifunze sarufi. Wewe uliyefika kambini ukajua Kifaransa, ukakuta darasa ni la Kiingereza, unaielewa aibu hiyo.

Idara ya hisabati na idara za sayansi, yaani fizikia, kemia na biolojia, zilikuwa na uzito wa pekee. Huko nyumbani haya ndiyo masomo ambayo mtoto wa Kiafrika aliambiwa hayamhusu. Kuyafundisha Mazimbu kulikuwa kama kumjibu Verwoerd. Lakini kulikuwa na tatizo: wanafunzi walifika na msingi mbovu wa hesabu, na walimu wa sayansi walikuwa adimu. Mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya alikaa miaka miwili, akaondoka, akaja mwingine mwenye njia nyingine. Kujenga maabara kulikuwa rahisi kuliko kupata mwalimu atakayekaa.

Halafu kulikuwa na jiografia na historia. Na hapa ndipo walipoongeza yao. Walifundisha historia ya mapambano ya Afrika Kusini, ambayo shule za nyumbani hazikuithubutu. Na waliweka somo la Maendeleo ya Jamii za Binadamu, lililoeleza jinsi binadamu walivyoishi na kutawaliwa tangu zamani, kwa mtazamo wa kisoshalisti wa chama chao. Kila mwanafunzi alilisoma. Wapo waliolipenda kuliko yote, na wapo waliouliza kwa nini watumie saa kwa somo ambalo London haitalipima. Swali hilo halikuwa la kipuuzi. Mwanafunzi wa mtihani huhesabu saa zake.

Na mwisho, kilimo na kazi za mikono. Mwalimu Nyerere alitangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akisema shule isimtenge kijana na jembe. Mazimbu walikuwa na wazo kama hilo, wakaliita elimu pamoja na uzalishaji. Shule ilikuwa na shamba, ng'ombe wa maziwa, nguruwe na kuku. Ilikuwa na kiwanda cha samani na cha kushona nguo. Chakula cha bwenini kilitoka kwa sehemu katika jasho la wenyewe.

[Muziki mfupi.]

Shule hiyo haikubaki sekondari tu. Ilikua kama kijiji kinavyokua, kwa kufuata mahitaji ya watu wake.

Wakimbizi walikuwa na watoto wadogo, kwa hiyo ikaja shule ya msingi, na chini yake shule ya awali. Wasichana na akina mama walikuwa na watoto wachanga, kwa hiyo kikajengwa kituo cha malezi, kikaitwa Charlotte Maxeke, jina la mwanamke wa kwanza Mwafrika wa Afrika Kusini kupata shahada ya chuo kikuu. Tafadhali tulia hapo, hasa wewe baba unayetusikiliza. Katika shule nyingi za wakati ule, msichana akipata mimba safari yake imekwisha. Mazimbu nako, mwanzoni, msichana wa namna hiyo aliliacha darasa. Lakini waliona kwamba wakiendelea hivyo watawapoteza nusu ya watu wao. Wakajenga mahali pa mtoto kulelewa ili mama asome. Haikumaliza matatizo yote, lakini msichana alipata njia ya kurudi.

Watu waliugua, hasa malaria, kwa hiyo ikajengwa hospitali kwa msaada wa marafiki wa Uholanzi. Na kwa kuwa wakimbizi waliendelea kuja, mwaka 1982 Tanzania iliwapa ardhi nyingine huko Dakawa, kaskazini mwa mji wa Morogoro. Dakawa ndipo walipopokelewa wageni wapya, na ndipo kilipowekwa chuo cha ufundi. Maana si kila kijana alifaa kwa mtihani wa London, na wengine walitaka ufundi tangu mwanzo. Jamii inayotaka kurudi kujenga nchi inahitaji fundi bomba kama inavyomhitaji daktari.

Mnamo Agosti 1985 Oliver Tambo, rais wa ANC, aliifungua shule rasmi. Ilikuwa imeshafanya kazi miaka saba. Hawakusubiri ufunguzi ndipo wafundishe.

[Muziki mfupi.]

Msikilizaji, tukiishia hapa tutakuwa tumekuuzia picha nzuri yenye uongo ndani. Mazimbu palikuwa na shida zake.

Vijana walikuwa na upweke. Hawakujua kama mama yuko hai. Barua zilikuwa hatari kwa waliobaki nyumbani. Kulikuwa na ulevi, utoro na migogoro ya nidhamu. Kazi ya shamba, iliyokusudiwa kuwa elimu, mara nyingine ilitumika kama adhabu. Mwanafunzi aliyekosa alipelekwa kulima, na mwanafunzi aliyeona hivyo alijifunza kulidharau jembe. Huwezi kumwambia kijana leo kwamba kilimo ni heshima, kesho ukamwadhibu nacho.

Na shule haikuwa ya kwanza kuyapata haya. Zaidi ya miaka kumi kabla yake, wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walikuwa na shule yao Dar es Salaam, Taasisi ya Msumbiji, iliyoongozwa na Janet Mondlane. Mwaka 1968 wanafunzi walikataa maagizo ya viongozi. Waligombania lugha, waligombania walimu wazungu, na zaidi ya yote waligombania kama msomi anapaswa kuacha masomo aende vitani. Shule ikafungwa. Baadaye, mwaka 1970, FRELIMO walifungua sekondari nyingine huko Bagamoyo, kwa utaratibu mwingine.

Katika shule hizi zote mbili, ugomvi ulirudi kwenye jambo moja. Wakubwa walisema: unasoma kwa ajili ya taifa. Kijana alisema: ninasoma kwa ajili ya maisha yangu. Wote wawili walikuwa na haki. Pale ambapo mkubwa alikaa akamsikiliza mdogo, masomo yaliendelea. Pale ambapo hakusikiliza, milango ilifungwa.

[Muziki mfupi.]

Februari 1990 marufuku dhidi ya ANC iliondolewa na Nelson Mandela akatoka gerezani. Wakimbizi wakaanza kurudi. Julai 1992 Mazimbu na Dakawa zilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania: madarasa, mabweni, hospitali, karakana, yote. Mazimbu ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na hadi leo eneo hilo lina jina la Solomon Mahlangu. Huko wanasoma vijana wa Kitanzania, wakiwemo wanaosomea ualimu wa hisabati na sayansi. Lipo pia eneo la makaburi ya wakimbizi ambao hawakuwahi kurudi.

Mwenyeji aliwapa wageni kichaka chenye mkonge. Wageni walipoondoka, walimwachia mwenyeji chuo. Tunakukumbusha hili kwa sababu maneno kwamba mkimbizi ni mzigo umeyasikia mara nyingi.

Sasa twende kwako.

Tunajua hali yako si sawa na yao. Wao walikuwa na chama, na walisaidiwa na serikali na vyama vya mshikamano vya nchi nyingi. Walipewa ardhi, wakaruhusiwa kujenga kwa matofali. Wewe pengine huruhusiwi kutoka nje ya kambi bila kibali, darasa la mwanao lina watoto zaidi ya mia, na kitabu kimoja hupita mikono mingi. Hatutakuambia ujenge SOMAFCO yako. Lakini kuna mambo matatu ya kuchukua.

La kwanza: mtaala si jambo la ofisi peke yake. Watu wa Mazimbu walikaa wakauliza mtoto atakwenda wapi baada ya mtihani. Nawe, kupitia kamati ya wazazi, una haki ya kuuliza: shuleni kwetu kuna somo la fizikia? Kama halipo, mtoto anayetaka kuwa muuguzi au fundi umeme atapitia wapi? Nani anafundisha hisabati muhula huu?

La pili: cheti. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi, katika kifungu cha 22, unasema kwamba katika elimu ya msingi mkimbizi apewe haki sawa na raia. Kwa elimu ya juu zaidi, nchi ziwatendee wakimbizi vizuri kadiri iwezekanavyo, pamoja na kutambua vyeti vyao vya nje na kuwapa nafasi ya ufadhili. Basi tunza karatasi zako. Cheti, ripoti ya muhula, hata barua ya mwalimu mkuu: viweke ndani ya mfuko wa nailoni, mbali na mvua na panya, na uvipige picha kama una simu. Na kwa wanaofika mwisho wa sekondari, ulizeni kuhusu ufadhili wa DAFI, ambao UNHCR na serikali ya Ujerumani wameutoa kwa wakimbizi tangu 1992.

La tatu: binti aliyejifungua. Kama yupo nyumbani kwako, au kwa jirani, mkumbuke Charlotte Maxeke. Anachohitaji ili arudi darasani ni mtu wa kumshikia mtoto kwa saa chache. Bibi, shangazi, au wewe.

[Muziki wa kipindi unaanza taratibu.]

Maswali ya kujadili katika kikundi chako:

Moja. Kama mngepewa nafasi ya kuongeza somo moja katika shule ya hapa kambini, mngeongeza somo gani, na mngetoa somo gani ili kupata saa zake?

Mbili. Je, mtoto asome mtaala wa alikotoka au wa alipo? Mwacheni kila mmoja aseme, kisha waulizeni watoto wenyewe.

Tatu. Katika kambi yetu, kazi ya mikono inafundishwa kama ujuzi au inatolewa kama adhabu?

Andikeni majibu yenu na muyape kwa kiongozi wa kikundi. Tutayasoma katika kipindi kijacho.

Hadi hapo, msikilizaji, ukae salama. Na kesho asubuhi, mtoto akichelewa kuamka, mwamshe.

[Muziki unapanda na kuisha.]